Mtoto Anapouma Ziwa la Mama



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa huu wa tafakari ukizungumzia maziwa ya mama na meno ya mtoto mchanga. Tumezoea kusoma hapa juu ya wito, sala, uchumba na amani ya nchi yetu. Lakini sisi akina mama wa shirika moja dogo, yaani jumuiya ya Kikristo ya mtaa, upande wa Omate huko Walikale, tuliombwa tuandike juu ya jambo tunalolijua vizuri. Tukaona tuandike juu ya lile tunalolijua kwa miili yetu wenyewe. Mtoto hufikia mwezi wa sita au wa saba, jino la kwanza huchomoza, na siku moja, katikati ya kunyonya, humng'ata mama yake. Watu hulicheka jambo hilo. Hata hivyo, ndani ya maumivu hayo ya dakika moja huamuliwa neno kubwa: mtoto ataendelea kunyonya, au ataachishwa ziwa kabla ya wakati wake.

Ili mwelewe uzito wa uamuzi huo, yafaa mkumbuke mahali tunapoishi. Omate ni mahali pa dhahabu. Wengi wetu hatukuzaliwa hapa; tumewafuata waume zetu, au tumekimbia vita, au tumekuja kuuza bugali na maharage kwa wachimbaji. Wenzetu wa milima ya Masisi wana ng'ombe, na jibini yao inajulikana mpaka Goma na mbali zaidi. Sisi wa msituni tuna mihogo, ndizi, sombe na mawese. Maziwa ya ng'ombe ni nadra. Kopo la maziwa ya unga hutufikia kwa pikipiki au mgongoni mwa mtu, na bei yake hupanda kadiri njia inavyoharibika. Na hata likinunuliwa, lahitaji maji safi, sufuria safi na kuni, nayo mito yetu ni ile ile ambamo mchanga wa dhahabu huoshwa. Ziwa la mama peke yake halihitaji barabara, wala moto, wala fedha. Mwezi Machi 2025, vita vilipofika hadi mji wa Walikale, watu wengi waliyaacha makazi yao. Katika safari kama hiyo, mtoto anayenyonya hubebwa pamoja na chakula chake. Yule aliyekwisha kuachishwa hulia njia nzima, na mama yake hana cha kumpa.

Ndiyo maana tunasema kwamba jino dogo laweza kuleta hatari kubwa. Halimdhuru mtoto kwa lenyewe, bali kwa njia ya neno linalofuata: "Huyu amekwisha kuwa na meno, sasa ale kama sisi." Neno hilo husemwa na jirani, na mama mkwe, na mara nyingine na baba mwenyewe arudipo kutoka shimoni. Husemwa kwa upendo, maana wanaona jinsi mama anavyoteseka. Mmoja wa wenzetu, binti wa umri wenu, alikuwa ameng'atwa mpaka damu. Alikuja kwenye sala ya shirika akiwa ameamua kupaka pilipili chuchuni ili mtoto wa miezi saba aliogope ziwa. Hatukumwambia kwamba maumivu yake si kitu. Aliyewahi kung'atwa hawezi kusema hivyo. Tulikaa naye, tukamwonyesha tunavyofanya sisi, na wiki zilizofuata tukapita kwake kwa zamu. Mtoto huyo bado ananyonya.

Haya ndiyo tuliyomwonyesha, nasi tunayaandika kwa ajili ya yeyote atakayeyahitaji.

Kwanza, mtoto anayenyonya sawasawa hawezi kung'ata. Ulimi wake hutangulia mbele na kufunika ufizi na meno ya chini, ambayo kwa kawaida ndiyo huota kwanza. Akitaka kung'ata, sharti aache kunyonya na kuurudisha ulimi nyuma. Kwa hiyo kuumwa huja mara nyingi mwishoni, maziwa yanapopungua, au mtoto anapoanza kusinzia, au anapocheza huku mama akizungumza na wengine. Huja pia pale mtoto anapokuwa ameshika ncha ya chuchu tu, au anapokuwa na mafua na kushindwa kupumua vizuri. Basi mama humtazama mtoto. Akiona koo halimezi tena, taya limekaza na macho yanazungukazunguka, huingiza kidole chake cha mwisho, kilicho safi, pembeni mwa mdomo wa mtoto, naye huachia taratibu.

Pili, kabla ya kunyonyesha, ufizi unaowasha hutulizwa. Twachukua kitambaa kisafi, twakilowesha katika maji yaliyochemshwa na kupoa, twampa mtoto akitafune tukimwangalia. Au twanawa mikono kwa sabuni na kuusugua ufizi wake polepole kwa kidole. Kisha twamweka karibu, tumbo lake likigusa tumbo letu, twangoja afungue kinywa wazi kabisa ndipo ashike sehemu kubwa ya ziwa.

Tatu, akikwisha kung'ata, mama asimvute. Kumvuta ndiko kunakochana ngozi. Kidole kiingie kati ya fizi; au mama amsogeze mtoto karibu zaidi, hata pua ikaribie kufunikwa kwa kitambo kidogo sana, naye atafungua kinywa mwenyewe ili apumue. Halafu mama aseme kwa sauti ya chini, akimtazama: hapana, mama anaumia. Anyamaze, afunike ziwa, amshike mtoto kifuani kwa dakika chache, kisha ampe tena ikiwa bado ana njaa. Mama akipiga kelele kubwa, mtoto mmoja huogopa na kulikataa ziwa kwa siku kadhaa. Mwingine huona ni mchezo, akarudia ili asikie kelele hiyo tena. Kauli ile ile tulivu, ikirudiwa kila mara, humfikia mtoto kwa muda wa siku chache.

Nne, jeraha lina matunzo yake. Tone la maziwa ya mama mwenyewe hupakwa na kuachwa likauke, na mtoto huanzishwa upande usiouma. Lakini ziwa likiwa jekundu, gumu na la moto, na mama akapata homa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, huku akiendelea kunyonyesha. Na mama anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asinyonyeshe upande unaotoka damu mpaka muuguzi amwone. Aendelee na upande ulio mzima, na maziwa ya upande wenye jeraha ayakamue na kuyamwaga ili yasije yakaganda.

Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengine huitumia methali hiyo kuhalalisha kiboko. Sisi, katika jambo hili, tumeielewa kwa namna nyingine. Mama anayeogopa kilio kidogo cha mtoto aliyeondolewa ziwani atavumilia kung'atwa mpaka ashindwe, na mwisho watalia wote wawili. Lakini pia tumeona mtoto akipigwa kofi mdomoni na kuambiwa kwamba ana roho mbaya kama shangazi yake. Mtoto wa miezi saba hana roho mbaya. Ufizi unamwasha, na hajajua bado kwamba mwili wa mama yake ni mwili wa mtu mwingine. Atalijuaje hilo? Atalijua kwa kuwekewa mpaka na mtu ambaye hamfukuzi. Huenda hilo ndilo fundisho la kwanza kabisa ambalo binadamu hupewa juu ya jirani yake: mwenzako huumia, nawe unaweza kuacha kumuumiza na bado ukapendwa. Ninyi mliokulia katika nchi ambamo neno dogo hujibiwa kwa panga au kwa risasi mnajua thamani ya fundisho hilo.

Tungependa kuongeza neno juu ya hofu, kwa maana meno ya mtoto yamezungukwa na hofu nyingi. Lugha yetu ya Kiswahili ina neno kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Zamani, katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, mtoto huyo alihesabiwa kuwa mkosi, na wako waliotupwa kwa sababu hiyo. Mkristo hawezi kuishika hofu hiyo. Meno ya juu yakitangulia, yametangulia tu; mtoto ni yule yule aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Hofu nyingine bado inaua. Mtoto anapoota meno huwa pia ndipo anapoanza kutambaa, kuokota vitu chini na kula vyakula vingine, na kwa hiyo kuhara humpata wakati ule ule. Watu hufunga mambo hayo mawili kwa kamba moja, wakasema meno ndiyo yanayomharisha. Uganda wameipa hali hiyo jina la ebiino, Tanzania huitwa meno ya plastiki au ya nailoni: uvimbe mweupe katika ufizi wa mtoto huchimbuliwa kwa chuma kilichochongoka, ati ni jino baya. Uvimbe huo ni chonge changa ambalo Mungu ameliweka hapo lingojee siku yake. Watoto wametokwa damu nyingi, wameambukizwa, wengine wamekufa. Tunawasihi: jino laweza kuleta udenda, usumbufu na joto dogo la mwili, halileti homa kali wala kuhara sana. Katika msitu wetu homa kali ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Apelekwe kituoni. Anayehara aendelee kunyonya, tena zaidi kuliko kawaida, na apewe maji ya chumvi maalumu yanayotolewa kituoni. Hatuandiki haya kwa kuwadharau bibi zetu. Wao ndio waliotufundisha kumpakata mtoto, na wengi wao walinyonyesha miaka miwili bila kufundishwa na yeyote.

Miaka hiyo miwili si mzigo uliobuniwa na wenye elimu ya leo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine mpaka miaka 2 au zaidi. Maana yake, jino halikuja kufunga ziwa. Limekuja kufungua sahani: uji, ndizi iliyopondwa, maharage yaliyolainishwa, sombe yenye mawese, samaki au yai likipatikana. Sahani inaongezwa juu ya ziwa, haichukui nafasi yake. Someni Maandiko Matakatifu mtaona kwamba watu wa Mungu walijua hivyo. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7, yule mama shujaa aliyeona wanawe saba wakiuawa anamkumbusha mdogo wao kwamba alimbeba tumboni miezi tisa na kumnyonyesha miaka mitatu. Kwake, kunyonyesha ni sehemu ya ushuhuda wa imani. Naye Hana, mama wa Samweli, aliacha kupanda kwenda Shilo pamoja na mumewe kwa ibada ya kila mwaka mpaka mtoto alipoachishwa ziwa. Na Elkana mumewe alikubali. Tazameni: safari takatifu ilingoja, na baba wa nyumba hakunung'unika. Na Isaka alipoachishwa, Abrahamu alifanya karamu kubwa. Kuachishwa ziwa kulikuwa sikukuu iliyofika kwa wakati wake. Hakukuwa adhabu ya mtoto aliyeng'ata.

Sasa twawageukia ninyi vijana, kwa maana hatukuwaandikia ili mjue tu. Mkono mmoja haulei mwana. Mama aliyelala nusu usiku, aliyekwenda shambani alfajiri na kurudi na mzigo wa mihogo, hana subira ya kumtazama mtoto mpaka mwisho wa kunyonya. Atasinzia, naye atang'atwa. Subira ya mama hutengenezwa na watu wanaomzunguka. Kijana anayechota maji na kuyachemsha ameshiriki katika kunyonyesha. Msichana anayembeba mdogo wake mgongoni ili mama apate saa moja ya usingizi ameshiriki. Baba kijana anayesema, "pumzika, mimi nitamtembeza mpaka atulie," amefanya kazi ambayo shimo la dhahabu haliwezi kuilipa.

Na liko jambo zito zaidi. Katika machimbo wako mabinti wengi waliozaa kabla ya ndoa, wakaacha shule, na baba wa mtoto amekwenda shimo jingine. Wengine walikuwa wanakwaya wenzenu. Leo huketi nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango. Mtoto akimng'ata katikati ya mahubiri, binti hupiga ukelele mdogo, na vichwa vyote hugeuka, na vingine hucheka. Baada ya Jumapili mbili za namna hiyo haji tena. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na pilipili, kwa sababu hana wa kumshauri wala wa kumpokea mtoto. Wapendwa, kama kikundi cha vijana hakina nafasi kwa binti huyo, kinasali kwa ajili ya uhai huku kikiuacha uhai mlangoni. Januari 2017, katika sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Papa Fransisko alikuwa akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina. Watoto walipoanza kulia, aliwaalika akina mama wawanyonyeshe papo hapo bila woga, akawakumbusha kwamba Bikira Maria naye alimnyonyesha Yesu. Na katika makaburi ya Prisila huko Roma, walikozikwa Wakristo wa karne za mwanzo, mojawapo ya picha za kale kabisa za Bikira Maria inamwonyesha akiwa na Mtoto kifuani, akimnyonyesha. Kama ziwa la mama halikuona aibu mbele ya makaburi ya mashahidi wala mbele ya Papa, lisione aibu katika kanisa letu la mbao na mabati.

Nabii Isaya, katika sura ya 49, anawasikia watu waliohamishwa wakilalamika kwamba Bwana amewaacha na kuwasahau. Malalamiko hayo twayajua. Tumeyasikia njiani kutoka Masisi, na tumeyatamka wenyewe usiku. Mungu anawajibu kwa mfano wa mama anayenyonyesha: je, yeye aweza kumsahau mtoto wake? Hata kama angeweza, Mungu hatasahau. Zamani tulidhani mfano huo unazungumzia huruma ya moyo tu. Tangu tuanze kunyonyesha tumeusoma kwa namna nyingine. Mama aliye shambani, mbali na mtoto, hahitaji kujikumbusha. Saa ikifika, maziwa hushuka yenyewe, nguo hulowa, ziwa huuma, na mwili wote humwambia: mtoto ana njaa, rudi. Mungu anasema anatukumbuka hivyo, kwa namna ambayo inamgharimu. Nasi ni watoto wenye meno. Tumekula mkononi mwake na kumng'ata kwa wivu wetu, kwa ukabila wetu, kwa dhahabu tuliyoipenda kuliko ndugu. Anatuwekea mpaka, anatuambia hapana, naye hatupaki pilipili.

Meno ya maziwa ni 20, na hukamilika mtoto akikaribia miaka 3. Kwa hiyo katika kila nyumba yenye mtoto kuna usiku mwingi wa namna hii, na mama mmoja hautoshi usiku wote huo. Tunaliomba kila kundi la vijana litakalosoma ukurasa huu lihesabu, katika mkutano ujao, ni mama wangapi katika mtaa wao wana mtoto wa miezi sita hadi kumi na miwili, hasa wale walio peke yao. Kisha gawaneni: nani atachota maji kwa nani, nani atampakata mtoto wakati wa Misa, nani atamsindikiza mama kituoni mtoto akipata homa. Yule binti wa karibu na mlango mwende kumwona nyumbani kwake kabla ya Jumapili, wasichana wawili kwa pamoja, mkiwa na kitambaa kisafi na kipande cha sabuni. Msianze kwa mawaidha. Mpokeeni mtoto kwanza, mama apate kukaa.